Si Kila Kitokacho Angani ni Pepo

Ipo hukumu moja inayozidi kupata nguvu miongoni mwa Wakristo: kwamba wanaosema wamekutana na viumbe wa sayari nyingine wamekutana na mapepo. Wanaoitoa hawasemi huenda. Wanasema jambo limekwisha. Taa ikionekana angani na ikakosa maelezo, ni pepo. Mtu akisimulia kwamba alichukuliwa kitandani usiku na viumbe wafupi wenye macho makubwa meusi, ni pepo. Rubani wa kivita wa Marekani akileta picha ya kitu asichokifahamu, ni pepo. Hukumu hiyo ilikulia Marekani, ikaandikiwa vitabu na kutengenezewa filamu, na sasa inatufikia kwa Kiswahili katika mahubiri na katika video zinazosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp, ikiwa imekwisha kuzungushiwa aya za Biblia ili mtu aogope kuihoji.

Naihoji. Naamini Shetani yupo, naamini mapepo yapo, na naamini Yesu aliyatoa kwa neno lake. Kwa sababu hiyohiyo sikubali jina la pepo litumike ovyo kuziba kila pengo la ujuzi wetu. Ayubu aliwauliza rafiki zake (Ayubu 13:7) kama wanadhani Mungu anahitaji kutetewa kwa maneno yasiyo ya haki. Walikuwa na bidii ya dini, walikuwa na majibu ya haraka, na mwisho wa kitabu Mungu mwenyewe aliwakasirikia kwa kutosema yaliyo kweli. Hukumu ya mapepo wa angani ni ya aina ileile: ina bidii, ina haraka, haina ushahidi. Na inawaumiza watu wanaokuja kanisani wakitafuta msaada.

Tuwatendee haki wenye hoja, maana si wajinga. Padri Seraphim Rose, mtawa wa Kiorthodoksi wa Marekani, aliandika katika miaka ya 1970 kwamba masimulizi haya yanafanana mno na visa vya mapepo vilivyomo katika maandishi ya kale ya Kanisa. Hugh Ross, mwanaastronomia na mwinjilisti, alitoa kitabu pamoja na wenzake wawili mwaka 2002. Alikiri kwamba ripoti nyingi zina maelezo ya kawaida, lakini akadai kwamba mabaki machache yanavunja sheria za fizikia, kwa hiyo chanzo chake ni roho waovu. Gary Bates alifuata mwaka 2004 na kitabu ambacho baadaye kilitengenezewa filamu. Ukizikusanya hoja zao unapata nguzo nne: vitu hivi vinafanya yasiyowezekana kwa maumbile; vinafanana na mapepo ya zamani; hukimbia jina la Yesu linapotajwa; na ujumbe wake hupinga Injili. Nitazipima moja moja.

Nguzo ya kwanza ni fizikia. Zama hizi za visahani virukavyo zilianza tarehe 24 Juni 1947, Kenneth Arnold, rubani wa ndege yake ndogo, aliposema ameona vitu tisa vikipita kwa kasi kubwa karibu na Mlima Rainier katika jimbo la Washington. Kuanzia 1952 hadi 1969 Jeshi la Anga la Marekani liliendesha mradi ulioitwa Blue Book kuchunguza taarifa za namna hiyo. Katika ripoti 12,618 zilizokusanywa, 701 zilibaki bila maelezo. Hizo 701 ndizo wenye hukumu wanazozishika. Lakini ripoti isiyo na maelezo ni faili ambalo halijafungwa, wala haitaji mwenye kosa. Hakimu anayekuta jalada halina mshtakiwa hawezi kuandika jina la yule asiyempenda.

Husemwa kwamba nyota iliyo karibu zaidi na Jua letu iko umbali wa zaidi ya miaka minne ya mwendo wa nuru, kwamba hakuna chombo kinachoweza kuvuka umbali huo kwa urahisi, na kwamba hakuna mwili unaoweza kukata kona kwa kasi inayosimuliwa. Nakubali. Lakini wenye hukumu wanaruka kutoka hapo hadi kwenye ulimwengu wa roho bila kuuliza swali la katikati: je, kasi hiyo ilipimwa, au ilikadiriwa kwa jicho? Video moja ya ndege za kivita za Marekani, iliyorekodiwa mwaka 2015 na kujulikana kwa jina la GOFAST, inaonyesha kitu kikipita juu ya bahari kana kwamba kinakimbia kuliko risasi. Jopo la wataalamu lililoundwa na NASA lilipiga hesabu kwa kutumia tarakimu zilizomo kwenye skrini ya kamera yenyewe, na katika ripoti yake ya Septemba 2023 likaonyesha kwamba kitu hicho kilikuwa juu sana, mbali na maji, kikienda kwa wastani wa kilomita 64 kwa saa. Kasi iliyoonekana ilitokana na mwendo wa ndege iliyobeba kamera. Mhubiri aliyekwisha kusema kwamba pale pana nguvu za giza atayafuta vipi maneno yake?

Hapa kwetu tumepata somo hilo kwa kugusa. Tarehe 30 Desemba 2024, mchana, pete ya chuma yenye kipenyo cha karibu mita mbili na nusu na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni, Kenya. Maofisa wa Shirika la Anga za Juu la Kenya walifika, eneo likalindwa, chuma kikachukuliwa, na maelezo yakatolewa: ni kipande cha roketi, pete ya kutenganisha sehemu zake, ambayo kwa kawaida huungua ikirudi duniani au hutua mahali pasipo na watu. Kilichowafaa watu wa Mukuku siku ile ni ukweli, na ukweli huo ulipatikana kwa kupima. Angekuja mtu akasema ni silaha ya kuzimu, wangebaki na hofu isiyo na dawa, na wenye roketi wasingeulizwa chochote.

Nguzo ya pili ndiyo nzito zaidi: kufanana. Wanasema wanaochukuliwa na viumbe wa angani husimulia mambo yaleyale waliyosimulia watu wa Ulaya ya kale kuhusu pepo wa usiku. Mtu anaamka, hawezi kusogea, kifua kimebanwa, sauti haitoki, na yupo mwingine chumbani. Kufanana huko ni kwa kweli, wala sikukatai. Swali ni chanzo chake.

Kila aliyekulia uswahilini anajua jinamizi. Unaamka usiku, macho yanaona dari, lakini mkono hautii. Kuna uzito kifuani. Kuna mtu mlangoni, au amekaa pembeni ya kitanda, na unajua kwa hakika kwamba ana nia mbaya. Unataka kumwita aliye chumba cha pili, ulimi umekufa. Kisha ghafla kidole kinasogea, na kila kitu kinatoweka. Madaktari wanalifahamu jambo hili vizuri. Katika hatua ya usingizi ambamo ndoto huja, ubongo huzima misuli ya mwili ili mtu asiinuke na kutenda anayoyaota. Akili ikizinduka kabla misuli haijafunguliwa, ndoto huendelea huku macho yako wazi. Karibu watu 8 katika kila 100 hupatwa na hali hiyo angalau mara moja maishani, na huzidi kwa wanaolala chali, wanaokosa usingizi, na wanaofanya kazi za zamu. Mtafiti David Hufford alionyesha katika kitabu chake cha 1982 kwamba watu wa kisiwa cha Newfoundland, Kanada, waliosema wanakaliwa na kikongwe usiku, walisimulia hali hiyohiyo kipengele kwa kipengele. Mwili wa binadamu ni mmoja kila mahali. Kinachobadilika ni jina analopewa mgeni wa usiku: Ulaya ya karne ya 15 aliitwa pepo, Newfoundland kikongwe, Marekani ya baada ya 1960 kiumbe wa sayari nyingine.

Na Zanzibar aliitwa Popobawa. Mwaka 1995 hofu yake ilianzia Pemba, ikavuka hadi Unguja. Watu walisimulia kubanwa, kukatika sauti na kushambuliwa kitandani. Familia zilitoka nje zikalala pamoja, mioto ikiwaka, maana iliaminika kwamba anashambulia walio ndani. Hofu hiyo haikuishia kwenye kukosa usingizi. Huko Unguja mtu mmoja mwenye ugonjwa wa akili aliuawa na umati uliodhani kwamba ndiye Popobawa. Ulaya nayo, kitabu cha kuwasaka wachawi alichokitoa Heinrich Kramer katika miaka ya 1480 kilitumia masimulizi ya pepo wa usiku kama ushahidi, na katika karne zilizofuata makumi ya maelfu ya watu, wengi wao wanawake, waliuawa kwa tuhuma za uchawi. Kwa hiyo mtu anaposema kwamba wageni wa angani ni mapepo kwa sababu wanafanana na yale ya kale, namwomba akumbuke ushahidi wa kale ulifanya nini. Kufanana huko kunatuonyesha kosa lililokwisha kufanyika, na gharama yake.

Nguzo ya tatu imejengwa juu ya jina la Yesu. Nchini Marekani wapo wanaokusanya ushuhuda wa watu waliosema kwamba walipolitaja jina hilo katikati ya shambulio, viumbe waliondoka papo hapo, na kwamba hilo linathibitisha ni mapepo. Sina shaka kwamba watu hao waliomba na kwamba hofu iliwatoka. Lakini jinamizi huisha lenyewe kwa sekunde kadhaa au dakika chache, na huvunjika haraka zaidi mtu anapojitahidi kutamka neno au kusogeza kiungo. Zanzibar, Waislamu walisoma Kurani dhidi ya Popobawa na wakashuhudia nafuu. Ukisema kukoma kwa shambulio kunathibitisha mafundisho ya aliyeomba, utalazimika kukubali shuhuda zote mbili kwa kipimo kimoja. Mkristo ana njia bora: jina la Yesu humfariji aliye katika hofu, hata pale ambapo hofu yenyewe imetoka katika mishipa ya mwili wake. Maombi hayahitaji pepo ili yawe na maana. Anayeombea homa hasemi malaria ni pepo kwa sababu mgonjwa alipata nafuu.

Nguzo ya nne ni ujumbe. Ni kweli kwamba wengi waliodai kuzungumza na wageni wa angani walirudi na mafundisho yanayomkana Kristo. Chukua George Adamski, aliyedai kukutana na mtu wa sayari ya Zuhura katika jangwa la California tarehe 20 Novemba 1952. Mafundisho aliyosema ameyapokea yalihusu hekima ya ulimwengu, umoja wa dini zote na kupanda kwa nafsi. Lakini Adamski alikuwa akifundisha elimu ya siri ya mtindo huo tangu miaka ya 1930, zamani kabla ya kisahani chochote kuonekana. Zuhura yenyewe, vyombo vilivyotumwa baadaye vilionyesha, ina joto la zaidi ya nyuzi 450, linaloyeyusha risasi. Ujumbe ulitoka kwa Adamski. Mwanadamu anatosha kueleza uongo wa mwanadamu.

Mfano mzito zaidi ni Heaven's Gate. Machi 1997, katika nyumba moja ya Rancho Santa Fe, California, watu 39 walikutwa wamekufa kwa kujiua, wakiamini kwamba chombo kilichoandamana na nyotamkia ya Hale-Bopp kingezichukua nafsi zao. Kiongozi wao, Marshall Applewhite, alikuwa mtoto wa mchungaji wa Kipresbiteri, na yeye na mwenzake Bonnie Nettles walikuwa wamejitangaza kuwa mashahidi wawili wanaotajwa katika Ufunuo 11. Hapa wenye hukumu husema: unaona, hayo ni mapepo. Mimi naona jambo ambalo Yesu alilionya waziwazi, makristo wa uongo na manabii wa uongo, watu wenye majina na nyuso, wanaoikamata Biblia na kuipinda. Kumtupia lawama kiumbe wa angani ni kumwondolea mzigo nabii wa uongo. Ni kuwafundisha waumini kuangalia juu wakati hatari imesimama mbele yao ikishika kipaza sauti.

Sasa nije kwenye aya zenyewe. Waefeso 2:2 hutajwa kwanza, kwa kuwa inamtaja mtawala wa anga. Soma mistari inayoizunguka: Paulo anazungumza juu ya watu walioishi katika dhambi wakifuata tamaa za mwili, kisha wakahuishwa kwa neema. Hakuna neno lolote pale juu ya taa, vyombo wala rada. Ya pili ni 2 Wakorintho 11:14, Shetani kujigeuza mfano wa malaika wa nuru. Paulo anawasema mitume wa uongo waliokuwa wakiwanyonya Wakorintho, watu wa nyama na damu. Ya tatu ni Mwanzo 6, wana wa Mungu na binti za wanadamu, mistari ambayo Kanisa limebishana juu yake tangu zama za mababa. Augustino aliielewa kuwa inahusu uzao wa Sethi. Mstari mgumu kiasi hicho haufai kuwa msingi wa kueleza video ya mwaka 2015.

Isitoshe, wanaosoma Biblia hiyohiyo wamefika mahali panapogongana. Mwaka 1968 mchungaji wa Kipresbiteri Barry Downing alitoa kitabu akihusisha visahani hivi na malaika wa Bwana, hata nguzo ya wingu iliyowaongoza Waisraeli. Mwaka 1975, katika muongo uleule ambao Seraphim Rose aliandika kwamba ni mapepo, Billy Graham aliandika kitabu juu ya malaika, na ndani yake alitaja wazo la baadhi ya Wakristo kwamba huenda vitu hivi ni kazi ya malaika. Taa ileile, aya zilezile, mmoja anaona jeshi la mbinguni, mwingine jeshi la kuzimu. Njia ya kusoma inayoweza kukupeleka kote kuwili haijakupeleka popote.

Biblia yenyewe inatuonya juu ya haraka hiyo. Katika Marko 6, wanafunzi walimwona mtu akitembea juu ya bahari usiku wa manane. Hawakuwa na maelezo. Wakadhani ni kivuli cha mzimu, wakapiga kelele kwa hofu. Alikuwa Bwana wao. Katika Yohana 9 walimwona kipofu wa kuzaliwa, wakataka mara moja kujua dhambi ni ya nani, na Yesu akakataa mashtaka yote mawili. Mithali 18:13 inamhesabia upumbavu na aibu anayejibu kabla ya kusikia. Kumbukumbu la Torati 19:15 inakataza kumhukumu mtu kwa shahidi mmoja. Kanisa Katoliki, ambalo halijaacha kuamini mapepo, lilielekeza katika kitabu chake cha ibada cha 1614 kwamba padri asiamini kwa wepesi kuwa mtu amepagawa, na sheria yake inadai kibali cha askofu kabla ya kumpunga mtu pepo. Wenye imani ya kale waliweka breki. Sisi wa leo tunazing'oa.

Wengine husukumwa na hofu nyingine: kwamba tukiacha nafasi ya viumbe wengine, imani itaanguka. Historia haioneshi hivyo. Mwaka 1277 Askofu Étienne Tempier wa Paris alilaani fundisho lililosema Mungu hawezi kuumba dunia nyingi, kwa sababu aliona linamwekea Mungu mipaka. Mwaka 2008 Padri José Gabriel Funes, mkuu wa kituo cha Vatikani cha kuangalia nyota, alisema katika gazeti la Vatikani kwamba kuamini uwezekano wa viumbe wengine hakupingani na imani kwa Mungu. Hakuna ushahidi wowote mpaka leo kwamba viumbe hao wapo, na ofisi ya Pentagon iliyopewa kazi ya kuchunguza madai ilisema hivyo katika ripoti yake ya Machi 2024. Mkristo anaweza kusema "hakuna ushahidi" na akalala salama. Halazimiki kuchagua kati ya wageni wa sayari nyingine na mapepo, kana kwamba hakuna mlango wa tatu.

Lakini kinachonifanya niandike kwa uchungu ni watu wenyewe. Barney na Betty Hill walikuwa mume na mke wa Portsmouth, New Hampshire. Barney alikuwa Mweusi, mfanyakazi wa posta. Betty alikuwa Mzungu, ofisa ustawi wa jamii. Usiku wa tarehe 19 Septemba 1961 walikuwa wakirudi kwa gari kutoka Kanada, na mbwa wao, wakipita milimani. Waliona taa iliyoonekana kuwafuata. Barney alisimamisha gari, akatoka na darubini, akaona kama watu wakimtazama kutoka kwenye chombo, akakimbia kurudi garini akipiga kelele kwamba watakamatwa. Walifika nyumbani alfajiri, wamechelewa kuliko walivyotarajia. Siku kadhaa baadaye Betty alianza kuota kwamba walichukuliwa na kupimwa miili yao. Barney alipata vidonda vya tumbo na shinikizo la damu. Mwaka 1964 daktari wa akili wa Boston, Benjamin Simon, aliwatibu kwa kuwalaza usingizi wa mazingaombwe ya kitabibu (hypnosis), na humo ndimo simulizi la kuchukuliwa lilipokamilika. Simon mwenyewe alihitimisha kwamba simulizi hilo lilitokana na ndoto za Betty, ambazo Barney alikuwa amezisikia. Kitabu kilichotoka mwaka 1966 kililisambaza, na visa vya kuchukuliwa vilivyofuata vilichota humo.

Sikiliza alichosema Barney katika usingizi ule. Alieleza kwamba mmoja wa wale waliomtazama alimkumbusha mtu wa Ireland mwenye nywele nyekundu, akaongeza kwamba Waayalandi kwa kawaida wana uadui na Weusi. Mwingine alimwona kama Mnazi. Alikuwa mume Mweusi wa mke Mzungu, usiku, barabara tupu, katika nchi ambayo majimbo mengi bado yaliharamisha ndoa kama yake hadi Mahakama ya Juu ilipofuta sheria hizo mwaka 1967. Alizungumzia hofu ya kufukuzwa kwenye hoteli. Ukimwambia mtu huyo kwamba alikutana na pepo, umeuzika ushuhuda wake wote. Umeifanya dhambi ya wanadamu dhidi yake ionekane kazi ya kuzimu, na waliomtia hofu hiyo wanarudi nyumbani wakiwa safi. Alifariki mwaka 1969, akiwa na miaka 46.

Uchungu wa watu hawa ni wa kweli. Richard McNally wa Harvard na wenzake waliwasikilizisha watu wanaoamini walichukuliwa kanda za masimulizi yao, na mwaka 2004 wakaripoti kwamba mapigo ya moyo na jasho vilipanda kama kwa watu wenye kiwewe. Hawaigizi. Mtu wa namna hiyo akija kwa mchungaji, anahitaji kusikilizwa. Badala yake anaambiwa alifungua mlango, alicheza na uchawi, ana agano la ukoo lisilovunjwa. Anaondoka na mizigo miwili. Na tumekwisha kuona mwisho wa njia hiyo. Katika miaka ya 1980, Marekani, matibabu ya kufufua kumbukumbu na mahojiano ya kuwasukuma watoto yalizalisha mamia ya tuhuma za ibada za kishetani. Makanisa mengi yaliamini. Kesi ya chekechea ya McMartin, California, ilimalizika mwaka 1990 bila mtu hata mmoja kutiwa hatiani, baada ya walimu kuharibiwa maisha. Mwaka 1992 ofisa wa FBI Kenneth Lanning aliandika kwamba hakupata ushahidi wa mitandao ile ya mauaji ya kishetani. Wakristo walisema uongo, wengi bila kujua, wakidhani wanamtumikia Mungu.

Watoto wapo hata katika suala hili la angani. Tarehe 16 Septemba 1994, wanafunzi wapatao 60 wa shule ya msingi ya Ariel, Ruwa, nje kidogo ya Harare, walisema waliona chombo na mtu au watu wenye mavazi meusi karibu na uwanja wa kuchezea wakati wa mapumziko. Siku mbili kabla, mabaki ya roketi ya Urusi yalikuwa yamewaka angani usiku kusini mwa Afrika, na habari za vyombo vya ajabu zilikuwa zimejaa. Baadhi ya watoto walidhani wameona tokoloshi, kiumbe wa masimulizi ya huko. Hakuna aliyethibitisha mpaka leo ni nini kilichotokea uwanjani pale. Mtoto wa miaka minane asimame mbele ya mtu mzima, aseme aliona kitu na anaogopa, kisha aambiwe kwamba Shetani alimtembelea shuleni? Yesu alisema maneno makali sana juu ya wanaowakwaza wadogo.

Basi nawaambia wachungaji, wainjilisti na viongozi wa vikundi vya maombi: mtu akija na simulizi la namna hii, msikilize mpaka mwisho. Muulize analala saa ngapi, kama anafanya zamu, kama amefiwa, kama amewahi kupigwa au kudhalilishwa, kama kuna dawa anazotumia. Omba naye kwa jina la Yesu, kisha mpeleke kwa daktari, na umsindikize. Video ikija kwenye simu, usiisambaze kabla hujajua imepigwa wapi, lini na nani. Ukiulizwa mimbarani na hujui, sema hujui. Karama ya kupambanua roho ina maana ya kupambanua, yaani kuweza pia kusema: hapa hakuna pepo.

Wakolosai 2:15 inafundisha kwamba Kristo amekwisha kuzivua enzi na mamlaka silaha zao. Kanisa linaloamini hivyo halina sababu ya kumtafutia Shetani makazi mapya kila taa inapowaka angani, wala kumpa ushindi ambao hakuupata. Amri ya kutoshuhudia uongo haikuacha nafasi ya uongo wenye nia njema. Anayehubiri kwamba wageni wa angani ni mapepo anadai kujua asichokijua, kwa jina la Mungu, mbele ya watu wanaomwamini. Aache, au alete ushahidi.